Lamu Mashariki ni nchi gani, na kwa nini watu wake ni wachache?



Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka, IEBC, ina deni moja kwa Katiba. Inatakiwa kupitia upya mipaka ya maeneobunge 290 ya Kenya kila baada ya miaka isiyopungua 8 na isiyozidi 12. Mipaka tuliyo nayo ni ya mwaka 2012. Miaka 12 ilitimia Machi 2024 tume ikiwa haina hata kamishna mmoja, na makamishna wapya hawakuapishwa mpaka Julai 2025. Kwa hivyo kazi imechelewa, lakini haijafutwa. Siku itakapoanza, miongoni mwa majina ya mwanzo kuwekwa mezani litakuwa la Lamu Mashariki.

Naandika haya nikiwa Kimbo, mtaa ulio kando ya barabara ya Thika baina ya Ruiru na Juja. Sisi wa Pwani tunaopanga huku si haba, na tukijitambulisha kwa majirani wengi wao wanaijua Mombasa, wanaijua Malindi, na Lamu wanaijua kwa punda na kwa Maulidi. Ukimwambia mtu Faza, Siyu, Kizingitini au Kiunga, anakuuliza kama ni Kenya au ni Somalia. Nisingelijali sana kama ingekuwa ni maswali ya barzani tu. Lakini watakaoamua kama Lamu Mashariki ibaki na kiti chake Bungeni ni Wakenya wa bara zaidi kuliko sisi, na mtu hawezi kukitetea kitu asichokijua. Hata vijana wetu wa Mombasa ambao babu zao wametoka huko, wengi hawajafika. Basi leo nataka nieleze nchi hiyo ilivyo, ilikotoka, na kwa nini leo ina watu wachache namna ile.

Hesabu kwanza

Sensa ya mwaka 2019 iliwahesabu Wakenya 47,564,296. Ukigawanya kwa maeneobunge 290, kila eneobunge lingepata watu kama 164,015. Huo ndio wastani ambao Katiba inautumia kama kipimo. Kifungu cha 89 kinaruhusu eneobunge kuzidi au kupungua kwa asilimia 40 ikiwa ni jiji au ni sehemu yenye watu waliotawanyika, na asilimia 30 kwengineko. Yaani hata ukipewa ile nafasi kubwa ya asilimia 40, eneobunge linatakiwa liwe na watu wasiopungua 98,409.

Lamu Mashariki ilikuwa na watu 22,258. Lamu Magharibi ilikuwa na 121,662. Ukijumlisha unapata kaunti nzima ya Lamu, watu 143,920, kaunti yenye watu wachache kuliko zote 47. Angalia vizuri: kaunti nzima haifiki wastani wa eneobunge moja.

Sasa tuje huku niliko. Sensa hiyo hiyo iliipa kaunti ndogo ya Ruiru watu 371,111 na ya Juja watu 300,948. Zote mbili zimepita mpaka wa juu, ambao ni watu 229,621 kwa asilimia 40. Kwa sheria hiyo hiyo moja, Kimbo na jirani zake wana haki ya kudai kiti cha ziada, na Lamu Mashariki iko hatarini kupoteza hicho kimoja ilicho nacho.

Mwaka 2012 Lamu Mashariki iliokolewa na kipengele cha mpito ndani ya Jedwali la Sita la Katiba, kilichosema kwamba mapitio ya kwanza yasifute eneobunge lolote lililokuwapo Katiba ilipoanza kutumika. Zaidi ya maeneobunge 20 yaliponea hapo. Kipengele hicho kilikuwa cha mapitio ya kwanza tu. Mapitio yajayo ni ya pili.

Nchi yenyewe

Wengi wakisikia Lamu wanaiona ile Amu ya mji wa kale. Mji huo uko Lamu Magharibi. Lamu Mashariki inaanzia ng'ambo ya kisiwa cha Manda, ukielekea kaskazini mashariki mpaka ufike mpaka wa Somalia. Ina wadi tatu: Faza, Kiunga na Basuba. Ina sehemu tatu pia kwa maumbile, na kila moja ina maisha yake.

Sehemu ya kwanza ni kisiwa cha Pate, ambacho ndicho kikubwa kuliko visiwa vyote vya Lamu. Humo mna mji wa Pate wenyewe, Siyu, Faza, Tchundwa, Mbwajumwali na Kizingitini. Ukitoka Amu kwa boti unapita mkondo wa Mkanda, baina ya Manda na bara, mahali ambapo maji yakipwa chombo hukaa juu ya tope. Kwa hivyo nahodha haangalii saa ya ukutani, anaangalia maji. Wasafiri wengi hushukia gati ya Mtangawanda kisha wakapanda pikipiki kwenda mjini kwao. Hori ya Siyu imezungukwa na mikoko na haiingiliki isipokuwa maji yamejaa. Maji ya kunywa ni taabu ya miaka mingi. Visima vingi vina chumvi, na watu hutegemea jabia, ule uwanja wa saruji unaokinga mvua na kuyapeleka maji kwenye birika la chini. Mvua ikikosekana, jabia hukauka na maji huletwa kwa mashua.

Sehemu ya pili ni visiwa vya Ndau na Kiwayu na ukanda wa pwani mpaka Kiunga. Kiwayu ni kisiwa chembamba kirefu. Upande mmoja bahari kuu, upande wa pili mkondo uliotulia. Kuanzia hapo hadi karibu na mpaka kuna Hifadhi ya Bahari ya Kiunga, iliyotangazwa mwaka 1979, yenye visiwa vidogo zaidi ya 50, matumbawe, kasa na ndege wa baharini. Ishakani ndicho kijiji cha mwisho kabla ya mpaka. Ng'ambo yake ni Ras Kamboni, Somalia.

Sehemu ya tatu ni msitu. Ndani ya bara, baina ya pwani na Garissa, kuna misitu ya Boni na Dodori, yote miwili ikawa hifadhi za taifa mwaka 1976. Humo ndimo vilimo vijiji vya Basuba, Milimani, Mangai, Mararani na Kiangwe, kwa ndugu zetu Waaweer, ambao wengi huwaita Waboni. Hawa ni watu wa asali na wa kuwinda, na lugha yao ni ya Kikushi. Kuwinda kulipigwa marufuku Kenya nzima mwaka 1977, na tangu hapo wakabidi waishi kwa kilimo kidogo ndani ya nchi ambayo sheria inaiita hifadhi.

Juu ya yote hayo weka pepo mbili. Kaskazi inaleta bahari tulivu, uvuvi na safari. Kusi, kuanzia kama Aprili mpaka Septemba, inachafua bahari na mashua ndogo hazitoki nje ya miamba. Mtu wa Kimbo akitaka kumwona mbunge wake anapanda matatu na akarudi nyumbani kabla ya Magharibi. Mtu wa Kiunga akitaka kufika Amu hupiga hesabu ya maji, ya upepo, ya bei ya petroli, na ya usalama. Kabla hata hajaanza kazi iliyompeleka, siku imekwisha.

Miji iliyotangulia

Watu hukosea wakidhani sehemu hii imekuwa pembeni daima. Kwa karne nyingi ilikuwa katikati.

Kwenye ufuo wa Pate, karibu na Siyu, kuna magofu ya Shanga. Miaka ya 1980 mwanaakiolojia Mark Horton na wenzake walichimba pale, na chini ya msikiti wa Ijumaa wa mawe wakakuta alama za misikiti mingine ya kale zaidi, ya mwanzo ikiwa midogo ya miti, inayorudi nyuma mpaka karne ya 8. Hiyo ni miongoni mwa misikiti ya kale kabisa inayojulikana Afrika Mashariki. Shanga ilikaliwa mpaka karne ya 15, kisha ikahamwa. Kuna wanaosema jina lake latoka Shanghai na kwamba mabaharia wa Kichina walizama hapo wakaoa Siyu. Masimulizi ni matamu, na vyombo vya kaure vya Kichina kweli vimeokotwa, lakini wataalamu wengi hawalikubali hilo la jina.

Mji wa Pate ulikuja kuwa dola, chini ya ukoo wa Nabahani. Faza nayo, ambayo Wareno waliiandika Ampaza, ilikuwa na nguvu zake mpaka mwaka 1587, Wareno walipoishambulia na kuiangamiza kwa sababu ilimuunga mkono Mir Ali Bey, nahodha wa Waturuki. Ilijengwa tena.

Halafu kuna lugha yetu. Mwaka 1728 Mwengo wa Athumani aliandika Utendi wa Tambuka, uitwao pia Chuo cha Herekali, akiwa Pate, nao ni miongoni mwa maandiko ya Kiswahili ya kale kabisa tuliyo nayo yenye tarehe. Al-Inkishafi ni ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir wa Pate, aliyeyaona majumba ya mji wake yakianguka na akaligeuza anguko hilo kuwa mawaidha. Mwana Kupona binti Msham alizaliwa Pate, akaolewa na Bwana Mataka wa Siyu, na mwaka 1858 akamwandikia bintiye utendi ambao mpaka leo unasomeshwa mashuleni na vyuoni. Siyu ilikuwa mji wa wanavyuoni na mafundi: waliandika misahafu kwa mkono na kuipamba, walifanya kazi ya ngozi, walichonga milango. Watikuu nao walijulikana kwa mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba bila msumari.

Mtoto wa Kimbo anayefanya mtihani wa fasihi ya Kiswahili, akisoma utendi wa kale, ana uwezekano mkubwa kuwa anasoma maneno yaliyoandikwa ndani ya eneobunge ambalo hesabu inasema ni dogo mno.

Watu walikwenda wapi?

Hapa ndipo penye uzito wa makala haya. Ukiitazama 22,258 peke yake utadhani nchi haikaliki, au wenyewe hawazaani. Ukiitazama pamoja na historia, utaona idadi hiyo imetengenezwa na watu kuondolewa walikokuwa, tena zaidi ya mara moja.

Anza na jina. Wabajuni, ambao ndio wengi wa Lamu Mashariki, wenyewe hujiita Watikuu, yaani watu wa nti kuu, bara. Miji yao ilikuwa imetapakaa ukanda wa bara na visiwa kuanzia hapo Lamu mpaka kukaribia Kismayu. Karne ya 17 mashambulizi kutoka bara yaliwasukuma wengi visiwani, miji ya bara ikabaki magofu. Baadaye walirudi, wakalima, wakajenga vijiji.

Siasa za visiwani nazo zilikula watu na mali. Karibu na mwaka 1812 Pate na Wamazrui wa Mombasa walishindwa na Waamu katika vita vya Shela, na nguvu za Pate hazikurudi tena. Amu ikamwita Seyyid Said wa Oman. Siyu ilikataa, na miaka ya 1840 ikayapiga majeshi ya Sultani mpaka kamanda wake akauawa. Haikushikwa sawasawa mpaka mwaka 1863, zama za Seyyid Majid. Baada ya hapo biashara ilihamia Zanzibar na Mombasa, na mtu mwenye mtaji akafuata biashara.

Kisha likaja pigo ambalo wazee walio hai wanalikumbuka. Vita vya Shifta, kuanzia mwaka 1963 hadi 1967, viliifanya bara ya Watikuu isikalike. Vijiji kama Ishakani, Rubu na Mvundeni vilishambuliwa, mifugo ikaibiwa, mashamba yakaachwa. Watu walikimbilia Pate, Ndau, Amu, Malindi na Mombasa. Familia nyingi za Kibajuni unazoziona leo Mombasa zilifika kwa njia hiyo. Waliondoka kwa kuwa serikali mpya haikuweza kuwalinda, na vita vilipokwisha hakukuwa na mpango wa maana wa kuwarudisha na kuwapa hati za ardhi zao.

Miaka michache baadaye, mwanzoni mwa miaka ya 1970, serikali ilifungua mpango wa makazi wa Lake Kenyatta, Mpeketoni, katika Lamu Magharibi, na kuwapa ardhi watu wengi kutoka bara. Sisemi hili kwa kumchukia mtu. Waliokuja walikuwa masikini wasio na ardhi, na watoto wao leo ni watu wa Lamu. Ninachoeleza ni hesabu. Serikali ilipotaka kujaza watu sehemu moja ya Lamu, iliweza: ilipima, ikagawa, ikatoa hati, ikachimba barabara. Waliokimbia Rubu hawakufanyiwa hivyo. Sehemu ya ile tofauti ya watu 121,662 na 22,258 imetoka hapo.

Kisha mwaka 2011. Septemba watalii walivamiwa Kiwayu, Oktoba mwengine akatekwa Manda, na mwezi huo huo jeshi la Kenya likaingia Somalia. Utalii wa Kiwayu ulikufa. Kwa miaka kadhaa baada ya hapo uvuvi wa usiku ulipigwa marufuku kwa sababu ya usalama. Kizingitini na Faza wanaishi kwa kamba, pweza, kaa na samaki, na mvuvi anajua kuwa samaki wengi huvuliwa usiku. Mwaka 2014 shule tano za msingi za wadi ya Basuba zilifungwa kwa hofu ya Al-Shabaab, na zikakaa miaka bila wanafunzi. Barabara inayotoka Hindi kupita msituni mpaka Kiunga ikawa ni barabara ya mabomu ya kutegwa. Mzazi mwenye mtoto wa kusoma atafanya nini? Anahama. Na sensa huhesabu watu pale walipolala usiku wa sensa. Aliyelala Mombasa usiku wa tarehe 24 Agosti 2019 amehesabiwa Mombasa.

Ongeza na masaibu ya kawaida. Mwaka 2009 moto uliteketeza mamia ya nyumba Faza, nyumba za makuti zilizobanana, upepo ukivuma. Bandari mpya ya Lamu, ambayo gati yake ya kwanza ilifunguliwa Mei 2021, imekaa juu ya maeneo waliyokuwa wakivua watu wa pande zote za Lamu; mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamua wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76.

Pamoja na yote hayo, idadi haikushuka. Sensa ya 2009 ilihesabu watu 18,841; ya 2019 ilihesabu 22,258. Wameongezeka 3,417 katika miaka kumi iliyokuwa migumu kuliko mingi. Hao ni watu waliokataa kuondoka.

Kiti kina faida gani?

Mtu anaweza kuuliza: mbunge mmoja ana nini? Kwanza, fedha za NG-CDF hugawiwa kwa maeneobunge. Lamu ikiwa na eneobunge moja, chungu viwili vinakuwa kimoja, na basari za watoto wa Tchundwa zitagombaniwa pamoja na za Mpeketoni. Pili, ofisi. Makao ya kaunti ndogo yako Faza, na hata hayo hayafikiki kwa wepesi kutoka Kiunga au Basuba. Tatu, hesabu ya kura. Eneobunge moja la Lamu litaanzia Kiunga, mpakani mwa Somalia, na kuishia Witu, karibu na Tana River. Katika wakazi wa eneo hilo, wa Lamu Mashariki watakuwa chini ya mmoja katika sita. Mgombea atatafuta kura zake Mpeketoni, Hindi, Witu na Amu, na hatakuwa na sababu ya kuingia baharini wakati wa kusi kwenda kuwasikiliza watu wa Ndau. Kaunti yenyewe haiguswi. Gavana, seneta na mwakilishi wa wanawake watabaki. Kinachoondoka ni ile sauti moja ambayo haiwezi kuchaguliwa bila ya kupitia visiwani.

Haki ya mtu wa Kimbo

Sipendi kuandika makala ambayo upande mmoja una haki yote. Naishi Kimbo na naona. Mashamba ya kahawa na mkonge yaliyokuwa Ruiru na Juja yamekatwa ploti, ghorofa za kupangisha zimesimama, na kila mwezi lori linashusha vitanda vya mpangaji mpya. Shule za serikali zimejaa. Tangu barabara kuu ya Thika ipanuliwe na kukamilika mwaka 2012, watu hawajaacha kuja. Mbunge wa Ruiru anawakilisha watu karibu mara 17 ya wale wa Lamu Mashariki. Mpangaji wa Kimbo akisema kura yake imepunjwa, anasema kweli, na hata mimi kura hiyo ni yangu pia.

Lakini dawa ya msongamano wa Ruiru si lazima iwe kiti cha Faza. Wachoraji wa Katiba waliliona hili kwa nusu. Kifungu cha 89 kinaitaka tume izingatie maumbile ya nchi, maslahi ya jamii, historia, uchumi, utamaduni na njia za mawasiliano. Ukiisoma orodha hiyo utadhani aliyeiandika alikuwa amekaa kwenye boti ya Mkanda akingoja maji. Tatizo ni kwamba mazingatio yote hayo yamefungwa ndani ya ile asilimia 40. Historia ya karne 12 haiwezi kuishusha hesabu chini ya watu 98,409.

Wenzetu wa visiwa kwengine walipatana vipi? Uingereza ilipopitisha sheria ya mwaka 2011 ya kusawazisha maeneobunge, iliviondoa visiwa vya Scotland katika hesabu: Orkney na Shetland wana kiti chao, na Na h-Eileanan an Iar wana chao, ingawa wapiga kura wao ni wachache mno wakilinganishwa na wa London. Huko Karibea, nchi ya Antigua na Barbuda ina viti 17, na kimoja ni cha Barbuda, kisiwa chenye watu wasiofika hata 2,000. Septemba 2017 kimbunga Irma kilikibomoa kisiwa hicho na watu wote wakahamishiwa Antigua. Kiti hakikufutwa kwa kuwa watu wamehama. Walirudi na wakakikuta. Jirani zetu Tanzania wana Mafia, kisiwa chenye wilaya yake na mbunge wake. Hakuna aliyesema nchi hizo zimevunja usawa. Walikubali kwamba bahari ni sehemu ya hesabu.

La kufanya

Tusidanganyane kwamba memoranda peke yake itatosha. Kwa sheria ilivyo leo, tume ikikaa na kikokotoo, Lamu inapata kiti kimoja. Njia ya uhakika ni marekebisho madogo ya kifungu cha 89 yatakayoweka kando maeneobunge machache ya visiwa na ya mipakani, kama vile mwaka 2012 yalivyowekwa kando kwa muda. Marekebisho ya Katiba Bungeni yanahitaji theluthi mbili ya Bunge la Kitaifa na theluthi mbili ya Seneti. Wabunge wote wa Pwani hawatoshi. Ndiyo maana nasema kura za kuiokoa Lamu Mashariki ziko bara, na ndiyo maana kila mmoja wetu anayeishi Kimbo, Eastleigh, Nakuru au Eldoret ana kazi ya kueleza kwa upole, kwa tarakimu na kwa tarehe. Wa bara nao wana maeneobunge yao yaliyo kwenye orodha ile ile ya waliookolewa mwaka 2012. Hao ni washirika wetu kabla ya kuwa mtu mwengine yeyote.

La pili ni kuhesabiwa. Sensa ijayo inatarajiwa mwaka 2029. Wenye nyumba Pate, Siyu na Faza wanaoishi Mombasa kwa sababu ya shule na kazi, waamue mapema usiku huo watalala wapi. Na wale ambao wazee wao walifukuzwa Rubu na Mvundeni waendelee kudai ardhi zao kwa njia za sheria, maana watu hawarudi mahali ambapo hawana hati wala kisima wala polisi.

La tatu ni kuandika. Kila kijiji kina mzee anayejua nani alikuwa akiishi wapi kabla ya mwaka 1963, shamba lilianzia mbuyu upi na likaishia kisima kipi. Kijana mwenye simu akae naye, amrekodi, aandike majina ya vijiji na ya koo. Tume ikija Faza kusikiliza maoni, kwenda na hasira hakutasaidia kitu; kwenda na orodha ya vijiji vilivyohamwa, mwaka vilipohamwa na sababu yake, ni ushahidi. Wazee hao wanapungua kila mwaka, na mapitio yenyewe hatujui yataanza lini. Kazi hiyo haihitaji kumngojea mbunge wala gavana. Inaweza kuanza Ijumaa hii, baada ya swala.